Mbegu, Amana na Mrithi: Historia ya Kurithisha Aina za Mimea nchini Rwanda Ikitazamwa kutoka Nyabugogo

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mbegu na haki juu ya aina za mimea zilivyorithishwa nchini Rwanda tangu zama za ufalme hadi kutungwa kwa sheria ya amana ya mwaka 2021. Soko la Nyabugogo jijini Kigali limechukuliwa kuwa mahali pa kutazamia, kwa sababu ndipo maharage ya nchi nzima yanapokutana na kuuzwa bila kuulizwa asili yake. Inadaiwa humu kwamba neno amana limebeba maana mbili katika historia hii: mali iliyokabidhiwa kwa ajili ya warithi wanaojulikana kwa majina, na mali iliyokabidhiwa kwa ajili ya wote. Maana ya pili ndiyo iliyookoa mbegu za nchi. Ya kwanza ndiyo inayopewa nguvu na sheria mpya. Makala inaonesha kwamba haki ya mgunduzi wa mbegu ikiwekwa katika amana bila mbegu yenyewe kutunzwa, warithi hubaki na karatasi tupu.

Utangulizi

Nyabugogo ni jina la mto kabla ya kuwa jina la soko. Mto huo hutoka ziwa Muhazi na kuingia Nyabarongo, na bonde lake, chini ya vilima vya Kigali, ndilo lililokuwa mlango wa jiji. Barabara ya Gatuna inayokwenda Uganda huanzia hapo kupitia Gatsata. Za Musanze na Huye huachana mbele kidogo, Giticyinyoni. Kituo cha mabasi, ambacho wenyeji hukiita gare, hupokea wasafiri wa pande zote, na pembeni yake masoko ya vyakula hupokea magunia. Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara na ya madereva mahali hapo miaka mingi kabla ya kutangazwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Katika magunia hayo, maharage ndiyo yanayoitambulisha Rwanda. Hakuna chakula kinacholiwa na wengi zaidi, na hakuna zao lenye sura nyingi zaidi: mekundu, meupe, yenye madoa, ya zambarau, na ya njano ambayo kwa ughali wake wachuuzi wameyabatiza jina la madini, koltani. Mteja anayenunua kilo mbili za kupika na mkulima anayenunua kilo mbili za kupanda husimama mbele ya gunia lilelile. Tofauti ni kwamba wa pili huinama, akachambua, akaulizia gunia limetoka wilaya gani. Utafiti wa Shawn McGuire na Louise Sperling uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu nchi 5 za Afrika pamoja na Haiti, ulionesha kwamba takriban asilimia 90 ya mbegu za wakulima wadogo hutoka nje ya mfumo rasmi, na kwamba karibu nusu ya mbegu zote hutoka katika masoko ya kawaida. Rwanda haikuwamo katika utafiti huo, lakini yeyote aliyesimama Nyabugogo majira ya kupanda anayatambua mazingira yanayoelezwa.

Swali la makala hii huanzia kwenye gunia hilo. Kila harage lina historia ya watu waliolichagua. Je, watu hao walikuwa na mali ya kurithisha? Kama walikuwa nayo, iliitwaje, nani aliisimamia, na nani aliipokea? Sheria za karne ya 21 zimeleta majibu mapya kwa swali la zamani, na majibu hayo hayaeleweki vema bila kuyapima kwa historia.

Mlinzi wa mbegu katika ufalme

Ufalme wa Rwanda ulikuwa na taasisi iliyounganisha mbegu, urithi na dhamana. Taasisi hiyo ni Umuganura, sikukuu ya malimbuko ya mtama na ulezi. Uendeshaji wake haukuwa wa mfalme peke yake. Ulikuwa wa ukoo mmoja wa waganga wa ibada za kifalme, Abatsobe, ambao mkuu wao aliishi Bumbogo, kaskazini mwa eneo linaloitwa leo Kigali. Huko Huro, mtama na ulezi wa ibada vilipandwa, vikalindwa, vikavunwa, kisha vikapelekwa kwenye makazi ya mfalme ili aonje kabla ya nchi.

Kwa macho ya mwanahistoria wa sheria, mpango huo una viungo vyote vya amana. Yupo aliyekabidhi, yaani ufalme wenyewe. Yupo aliyekabidhiwa, yaani mkuu wa Abatsobe. Ipo mali, yaani mbegu na mashamba yake. Na wapo wanufaika, yaani watu wote ambao mavuno yao yalihesabiwa kuwa halali baada ya malimbuko. Wadhifa ulirithiwa ndani ya ukoo, baba kwa mwana, lakini aliyerithi hakurithi haki ya kuifanya mbegu kuwa yake. Alirithi wajibu. Utajiri aliokuwa nao ulitokana na wadhifa huo na ungeweza kupotea pamoja nao.

Ulipotea mwaka 1925. Utawala wa Kibelgiji, ukiona katika ibada hizo nguvu iliyo nje ya mamlaka yake, ulimkamata Gashamura, mkuu wa Abatsobe wa wakati huo, ukampeleka uhamishoni Burundi. Umuganura ukakoma. Miaka 6 baadaye, mwaka 1931, mfalme Yuhi V Musinga naye aliondolewa kitini. Sikukuu hiyo ilirudishwa kitaifa mwaka 2011 na huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti, ila ilirudi kama sherehe ya utamaduni na ya kujitathmini; kazi ya kutunza mbegu ilikuwa imekwisha kuhamia kwingine.

Ikumbukwe pia kwamba dhamana ya Bumbogo ilihusu mtama na ulezi, mazao ya heshima. Maharage hayakuwa na ibada wala mlinzi wa kifalme. Yalikuwa mikononi mwa wanawake, na yalirithishwa jikoni na ghalani, kutoka kwa mama au mama mkwe kwenda kwa bibi arusi aliyeanza kulima shamba lake. Hapa pana hali iliyodumu hadi mwisho wa karne ya 20: kwa desturi, ardhi iligawiwa wana wa kiume kwa njia ya umunani, fungu ambalo baba humpa mwanawe aanzishe nyumba, ilhali ujuzi wa kinachopandwa juu ya ardhi hiyo ulipita kwa wanawake wasioirithi. Shamba na mbegu vilifuata njia mbili za mirathi zilizokutana tu kwenye ndoa.

Rubona na mabingwa wa maharage

Mlinzi mpya wa mbegu alikuwa kituo cha utafiti. Wabelgiji walianzisha shirika la utafiti wa kilimo la makoloni yao, INEAC, mwaka 1933, na Rubona, kusini mwa nchi, pakawa kituo chake nchini Rwanda. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, kazi hiyo ilichukuliwa na Taasisi ya Sayansi za Kilimo ya Rwanda, ISAR. Mwaka 2010 sheria iliunganisha ISAR na mashirika mengine mawili kuwa bodi moja ya kilimo, inayojulikana kwa kifupi RAB.

Tukio kubwa la kipindi hicho ni kuenea kwa maharage yatambaayo juu ya miti ya kuegemea. Zamani yalilimwa zaidi kaskazini-magharibi, Ruhengeri na Gisenyi. Katika miaka ya 1980, ISAR ikishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Nchi za Tropiki, CIAT, chenye makao Cali nchini Kolombia, ilisambaza aina mpya sehemu nyingine za nchi. Mojawapo iliitwa Umubano, maana yake ujirani mwema. Katika ghala la CIAT aina hiyo ilikuwa na namba G2333, na kabla ya hapo ilikuwa mbegu ya wakulima wa Chiapas, Meksiko, kwa jina la Colorado de Teopisca. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, takriban wakulima 4 kati ya 10 nchini Rwanda walikuwa wakilima aina zilizoboreshwa za maharage hayo. Hakuna aliyelipa mrabaha Chiapas wala Cali. Mbegu ilitolewa kwa sharti la kimyakimya kwamba nayo ingetolewa tena.

Kuanzia mwaka 1988, Sperling, mwanaanthropolojia, pamoja na watafiti wa ISAR na CIAT, waliwaalika Rubona wanawake waliotambuliwa vijijini kuwa mabingwa wa maharage. Wanawake hao walitembezwa katika vitalu vya majaribio wakaombwa wachague. Walichagua kwa vigezo ambavyo wataalamu hawakuwa wamevipanga: jani linalofaa kuliwa, mmea unaovumilia kivuli cha migomba, harage linaloiva upesi nyumbani kukiwa na njaa. Aina walizochagua, zilipopandwa mashambani mwao, zilifanya vizuri kuliko zile zilizochaguliwa na wataalamu peke yao. Jambo hilo lina uzito katika historia ya haki. Mahakama yoyote ikiulizwa leo ni nani aliyegundua aina iliyotokana na uchaguzi huo, itatafuta jina katika daftari la kituo. Majina ya wanawake hao hayakuwekwa katika daftari la wamiliki, kwa kuwa wakati huo daftari kama hilo halikuwapo.

Mwaka 1994 na amana mbili

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kuanzia Aprili hadi Julai 1994, yalikata mirathi ya kila namna. Wenye mashamba waliuawa pamoja na warithi wao. Wajane na mayatima walibaki na ardhi ambayo desturi haikuwatambua kuwa wenyewe. Wafanyakazi wa vituo vya utafiti waliuawa au walitawanyika, na mikusanyo ya mbegu iliharibiwa.

Mwaka huohuo mradi ulioitwa Mbegu za Matumaini ulianzishwa chini ya uratibu wa CIAT. Vituo kadhaa vya kimataifa na taasisi za utafiti za nchi jirani vilizalisha kwa wingi aina zilizojulikana kufaa Rwanda, zikiwamo aina ambazo sampuli zake zilikuwa zimehifadhiwa nje. Uchunguzi uliofuata ulileta funzo lisilotarajiwa. Anuwai ya maharage haikuwa imepotea kwa kiasi kilichohofiwa. Waliobaki walikuwa na mbegu, na masoko yaliendelea kuzisambaza. Zao lililoumia zaidi lilikuwa viazi mviringo, kwa sababu mbegu zake bora zilitegemea mradi rasmi wa kaskazini uliosimama. Zao lililotegemea mlinzi mmoja lilianguka naye. Zao lililotegemea maelfu ya ghala za nyumbani na magunia ya sokoni lilisalimika.

Amana ya pili ya mwaka 1994 iliandikwa kwa wino. Tarehe 26 Oktoba, vituo 12 vya mtandao wa CGIAR, CIAT kikiwamo, vilitia saini mikataba na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Mikataba hiyo iliitaja mikusanyo ya mbegu kuwa amana inayoshikiliwa kwa manufaa ya jumuiya ya kimataifa, hasa nchi zinazoendelea. Vituo viliahidi kutodai umiliki wa mbegu hizo wala kutafuta haki miliki juu yake. Kwa mara ya kwanza, neno la wanasheria wa mirathi lilitumika juu ya mamia ya maelfu ya sampuli za mimea, na wanufaika hawakuwa watoto wa mtu yeyote.

Mjane wa Burbank na mipaka ya hataza

Ili kuona jinsi wazo jingine la amana linavyofanya kazi, inafaa kutoka Rwanda kwa muda. Luther Burbank, mtaalamu wa mimea wa Santa Rosa, California, alifariki Aprili 1926 akiwa ameacha mamia ya aina za matunda, maua na viazi. Katika uhai wake, mwenye shamba yeyote aliyenunua mche mmoja angeweza kuuzalisha bila kumlipa tena. Tarehe 23 Mei 1930 Marekani ilipitisha sheria ya kwanza duniani ya hataza za mimea, na jina la Burbank lilitumika sana kuitetea. Baada ya hapo hataza 16 za mimea zilitolewa kwake akiwa amekwisha kufa, kupitia mirathi yake. Mjane wake, Elizabeth, ndiye aliyesimamia maombi hayo, na aina kadhaa zikaishia katika kampuni ya vitalu ya Stark Bro's ya Missouri.

Kisa hicho ni chanzo kizuri cha kuelewa upangaji wa mirathi ya mimea, kwa kuwa kinaonesha faida na mipaka kwa pamoja. Faida ni kwamba kazi ya marehemu iligeuka mali inayoweza kukabidhiwa, kukodishwa na kuleta mapato kwa aliyebaki. Mipaka ni miwili. Kwanza, sheria ya 1930 ililinda mimea inayozalishwa bila mbegu, kwa vikonyo na maunganisho, na iliacha nje mazao ya viazi. Kwa hiyo kiazi kilicholipa jina la Burbank umaarufu hakikuweza kuwa sehemu ya urithi huo. Maharage nayo, kwa kuwa hupandwa kwa mbegu, yalibaki nje. Pili, muda wa hataza ulianza kupungua tangu siku ya kutolewa. Shamba likirithiwa, mjukuu hulikuta. Hataza ikirithiwa, mjukuu huenda akakuta imekwisha.

Mkataba wa kimataifa wa UPOV, uliopitishwa Paris tarehe 2 Desemba 1961, ulijaribu kuziba pengo la mazao ya mbegu. Katika toleo lake la 1991, haki ya mgunduzi hudumu angalau miaka 20, na 25 kwa miti na mizabibu. Tafsiri yake ya neno mgunduzi inajumuisha aliyezalisha aina hiyo, mwajiri wake pale sheria inaposema hivyo, na mrithi wa haki wa mmoja wao. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango wa mirathi na amana. Kenya ilijiunga mwaka 1999, biashara ya maua ikiwa msukumo mkubwa, na Tanzania mwaka 2015.

Harage la njano lililopata mwenyewe

Mipaka ya amana hizi mbili ilijaribiwa na harage. Mwaka 1994 mfanyabiashara wa Marekani alinunua mfuko wa maharage mchanganyiko huko Sonora, Meksiko, akatenga ya njano, akayapanda na kuyachagua kwa misimu michache. Aprili 1999 alipewa hataza namba 5,894,079 kwa harage aliloliita Enola, akaanza kudai malipo kwa waagizaji wa maharage ya njano kutoka Meksiko. CIAT iliipinga hataza hiyo mwaka 2000. Ilieleza kwamba katika mkusanyo wake wa amana mlikuwamo aina nyingine za maharage ya njano, na kwamba baadhi yake zilifanana kabisa na Enola. Ofisi ya hataza ya Marekani ilikataa madai ya mwenye hataza mwaka 2008, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo Julai 2009.

Ushindi huo ulichukua takriban miaka 9, karibu nusu ya maisha ya hataza yenyewe. Aliyeshinda alikuwa mdhamini: taasisi iliyoweza kufungua ghala, kutoa sampuli na kuonesha tarehe. Mchuuzi wa maharage ya njano, awe wa Sonora au wa Nyabugogo, asingeweza kuleta ushahidi huo, ingawa gunia lake lilikuwa na ukweli uleule.

Sheria za Rwanda, 1999 hadi 2024

Baada ya 1994, Rwanda ililazimika kuandika upya sheria ya urithi. Sheria namba 22/99 ya tarehe 12 Novemba 1999 iliwapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa katika urithi na katika umunani. Usajili wa ardhi uliofanyika nchi nzima, hadi mwaka 2013, uliandikisha zaidi ya vipande milioni 10. Sheria namba 27/2016 ya urithi ilichukua nafasi ya ile ya 1999, na chini yake umunani ukawa zawadi ya hiari ya mzazi. Njia mbili za mirathi zilizotengana tangu zama za ufalme, ya shamba na ya mbegu, ziliweza sasa kukutana kwa binti mmoja.

Haki juu ya mimea ilifuata mkondo wake. Sheria ya haki miliki ya mwaka 2009 iliiondoa mimea katika orodha ya vitu vinavyoweza kupewa hataza, kama mkataba wa TRIPS unavyoruhusu. Kwa hiyo anayezungumzia hataza ya mmea ndani ya sheria hiyo ya Rwanda alizungumzia kitu kisichokuwapo. Kilichoandaliwa ni haki ya mgunduzi wa mbegu. Sheria namba 005/2016 ya Aprili 2016 iliweka kanuni za mbegu na ulinzi wa aina za mimea. Rwanda pia ni miongoni mwa nchi 4 za kwanza kufungwa na Itifaki ya Arusha ya ARIPO, iliyopitishwa tarehe 6 Julai 2015 na kuanza kutumika Novemba 2024, nyingine zikiwa Ghana, Cabo Verde na São Tomé na Príncipe. Muda wa haki katika itifaki hiyo ni uleule wa miaka 20 na 25.

Kiungo cha mwisho ni sheria namba 063/2021 ya tarehe 14 Oktoba 2021 kuhusu amana. Mfumo wa sheria wa Rwanda ulijengwa juu ya misingi ya Kibelgiji, ambamo amana ya Kiingereza haikuwa na mahali. Kuingia kwake kulitokana na azma ya kuifanya Kigali kuwa kituo cha fedha cha kimataifa, na kulilenga zaidi wawekezaji na familia zenye mitaji. Hata hivyo, milango mitatu imekuwa wazi kwa pamoja: mwenye haki ya aina ya mmea anaweza kuirithisha, anaweza kuihamisha, na sasa anaweza kuikabidhi kwa mdhamini ili mapato yaende kwa wanawe.

Nani ana cha kukabidhi?

Mlango ukiwa wazi, lazima iulizwe nani anaweza kupita. Masharti matatu yanawapunguza wapitaji.

La kwanza ni upya. Chini ya UPOV na mifumo iliyoifuata, aina iliyouzwa kwa ridhaa ya mgunduzi kwa zaidi ya mwaka mmoja nchini kabla ya maombi hupoteza sifa ya kuwa mpya. Mwanamke wa Gakenke aliyechagua harage lake kwa misimu 10 na kulipeleka Nyabugogo kila mavuno amekwisha kulitoa katika ulinzi kwa tendo lilelile lililolifanya lijulikane. Soko, lililookoa mbegu mwaka 1994, ndilo linaloondoa haki.

La pili ni ajira. Mtaalamu wa taasisi ya umma anayezalisha aina mpya akiwa kazini kwa kawaida huona haki ikiwa ya mwajiri. Aina nyingi muhimu za maharage nchini, yakiwamo yenye madini ya chuma kwa wingi yaliyotolewa kuanzia mwaka 2010, ni matunda ya RAB na CIAT. Watoto wa wataalamu hao wana sababu ya kujivunia, lakini hawana cha kurithi. Wanaobaki wakiwa na haki za kukabidhi ni makampuni, hasa ya nje, na watu wachache wenye uwezo wa kugharimia majaribio na maombi.

La tatu ni uhai wa mbegu. Haki ya mgunduzi inaweza kufutwa ikiwa ada hazilipwi, au ikiwa mwenye haki hawezi kuonesha kwamba aina yenyewe ingali inatunzwa kama ilivyosajiliwa. Mdhamini wa nyumba ya kupangisha anaweza kukaa ofisini akakusanya kodi. Mdhamini wa haki ya mmea hana budi kuwa na shamba, ghala na mtu anayejua kutofautisha mmea wa kweli na uliochanganyika. Hati ya amana isiyotaja nani atapanda, nani atahifadhi na kwa fedha gani, itakuwa imekabidhi kitu kinachokufa mikononi mwa mtunzaji wake.

Pwani ya Waswahili inatoa mfano wa kujifunza. Huko mashamba ya minazi na mikarafuu yaliwekwa wakfu, mengine kwa misikiti, mengine kwa vizazi vya mwenye shamba. Mwaka 1894 Baraza la Faragha mjini London, katika shauri lililotoka India, lilikataa wakfu wa kifamilia ambao fungu la sadaka ndani yake lilikuwa la mbali mno, na kanuni hiyo ikaja kufuatwa na mahakama za Afrika Mashariki. Waliohusika waliona kuwa mahakama za kigeni zimevunja jambo linalotambuliwa na dini yao. Hata hivyo shauri hilo liliacha swali lenye maana hadi leo: mali inayokabidhiwa kwa jina la wema inapaswa kuwafikia wangapi zaidi ya jamaa wa aliyeikabidhi?

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haitoi sababu ya kuikataa sheria ya amana. Mjane wa Santa Rosa alipata riziki halali kutokana na kazi ya mumewe, na hakuna haki katika kumnyima mjane wa Rwanda jambo hilohilo. Inachoonesha ni kwamba sheria ikiachwa ifanye kazi peke yake, itawahudumia wachache waliokwisha kusajili, na itawapita wale waliochagua. Mkuu wa Abatsobe alirithi wajibu bila umiliki. Vituo vya kimataifa mwaka 1994 viliapa kushikilia bila kumiliki. Wanawake wa Rubona walichagua bila kuandikwa. Haki ya miaka 20 inakuja juu ya tabaka zote hizo kama mgeni wa mwisho aliyekuta chakula kiko tayari.

Sheria ileile ya mwaka 2021 inaweza kutumika kwa namna nyingine. Hakuna kinachozuia ushirika wa wakulima, pamoja na taasisi ya umma, kuweka katika amana aina mpya waliyoichagua pamoja kabla haijaingia sokoni, wanufaika wakiwa wanachama na warithi wao, wa kike na wa kiume, na sehemu ya mapato ikitengwa kwa ghala la mbegu. Hati ya namna hiyo ingetaja majina ya waliochagua. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za mimea, ambao Rwanda imejiunga nao, umetambua haki za wakulima na kuziachia serikali za nchi kuzitekeleza. Amana ya ushirika ni mojawapo ya njia za kutekeleza zilizokwisha kuwa ndani ya vitabu vya sheria.

Kwa mwanahistoria, kazi iliyo mbele ni ya kumbukumbu. Enola ilishindwa kwa sababu mtu alikuwa ameandika tarehe juu ya bahasha ya mbegu. Magunia ya Nyabugogo hayaandikwi tarehe. Hufunguliwa alfajiri, huisha jioni, na ushahidi wake huliwa au hupandwa. Anayetaka mabinti wa waliochagua mbegu hizo wawe na cha kurithi hana budi kuanza kuandika, pale pale panapouzwa, ni nani aliyeleta nini na kutoka kilima gani.